Re: Nyasi za kompaundi zinakauka kila Januari, nifanyeje sasa hivi?

Salama ndugu wa Mukono. Umesema nyasi zako za paspalamu zinageuka kahawia kila Desemba mpaka Februari ingawa unamwagilia kila jioni, na unauliza kama uongeze mbolea. Mbolea achana nayo kwanza, angalia urefu unaokata. Kwangu kijana wa slasha alikuwa anafyeka mpaka udongo unaonekana eti pakae safi, jua likija linachoma mizizi moja kwa moja, siku hizi namwambia aache kama sentimita 6 au 7 na asipunguze zaidi ya theluthi kwa mara moja, na tofauti naiona kabisa.

Halafu maji. Kumwagia kidogo kila jioni kunalowesha juu tu, mizizi inabaki hapo hapo juu. Mwagilia asubuhi mapema, mara moja au mbili kwa wiki lakini mpaka yazame. Chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini baada ya kumwagilia: ikigoma baada ya vidole viwili, bado.

Samadi iliyooza vizuri weka sasa Novemba mvua ingali inanyesha, ukingoja kiangazi umechelewa. Na kama una mboga, kwenye dodo (mchicha) na sukuma tandaza majani makavu ya migomba, ila usiyasogeze mpaka kwenye shina, mchwa wanapenda sana hapo, ukiona vijia vya udongo juu ya majani yaondoe upesi.

Bado hujasema kama pana kivuli cha muembe, maana chini yake nyasi hugombania maji na mizizi ya mti.