Maswali ya Wasomaji: Mtawa Anapochoka

SWALI: Mhariri, mimi ni sista muuguzi katika kituo cha afya cha parokia, pande za Tororo. Niko mwaka wa tano wa nadhiri za muda, zile zinazotangulia nadhiri za daima. Kengele hulia saa kumi na nusu alfajiri. Baada ya misa naingia wodi ya wazazi, jioni niko jikoni, na usiku wakiita naenda. Mshahara wangu sijawahi kuuona. Nikisema nimechoka, naambiwa Mama Kevin, yule sista mmisionari wa zamani, naye hakulala. Sasa hata kusali sitaki. Je, wito wangu umekufa? Nikitaka kutoka, nifuate njia gani? – Sista, Tororo

JIBU: Sista mpendwa, pole sana kwa kazi. Barua yako ina mambo mawili yaliyoshikana: mwili usiopumzika, na moyo unaosema hautaki tena. Yatenganishe kwanza, maana mtu asiyelala miezi mfululizo hawezi kusali vizuri, na hilo halimwambii lolote kuhusu wito wake.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kila kazi na saa zake, za wodini na za nyumbani pamoja. Kwa mfano: Jumatano, wodi saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, jikoni saa 11 na nusu hadi saa 2, niliitwa saa 7 usiku, nikarudi saa 10. Hizo ni saa 15 na nusu, na kengele inakuja baada ya nusu saa. Watawa wengi huumia hapa: mganga mkuu wa kituo anahesabu zamu za wodi tu, mkuu wa jumuiya anahesabu zamu za jikoni tu, na hakuna anayejumlisha. Mpelekee mkuu wa jumuiya hesabu hiyo ikiwa imeandikwa, kisha omba jambo moja linalopimika, kama vile kutopika siku unayotoka zamu ya usiku. Ukilalamika kwa mdomo utajibiwa kwa mawaidha. Karatasi yenye saa inadai ratiba.

Uliza pia kama kituo kina mkataba wenye jina lako. Ukiwepo, Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakuhusu kama muuguzi yeyote: saa za kawaida zisizozidi 48 kwa wiki, siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 7 kwa kila miezi 4, yaani 21 kwa mwaka. Mara nyingi hakuna mkataba wa mtu mmoja mmoja, yapo makubaliano kati ya jimbo la Kanisa na shirika lako la kitawa. Basi omba kuyasoma.

Kuhusu mshahara, kanoni (yaani sheria ya Kanisa Katoliki) ya 668 inasema anachokipata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika. Hujaibiwa. Lakini kanoni ya 670 inalibana shirika nalo: lazima likupe kila unachohitaji ili uishi wito wako. Viatu vya wodi, pedi, dawa na nauli ya kwenda kumzika mzazi havipaswi kuombwa kwa kupiga magoti.

Na Mama Kevin? Ni kweli, alifika Uganda 1903 na masista wenzake watano, wakaanza kutibu watu Nsambya chini ya mwembe. Lakini hakuridhika kuibeba kazi hiyo peke yake. Alifungua shule ya wauguzi na wakunga, na 1923 akaanzisha shirika la masista Waafrika huko Nkokonjeru, ili mikono iongezeke. Anayelitaja jina lake ili muuguzi mmoja afanye kazi ya watatu anaisoma historia nusu.

Ukipata likizo, ondoka kabisa kituoni, na simu ya wodi iachie mwenzako. Lala wiki ya kwanza, mafungo ya kiroho yaje baadaye. Kama huli, hulali hata ukipata nafasi, au unawaza kifo, nenda hospitali ya rufaa ukaonane na daktari wa afya ya akili, usingoje likizo. Na usiogope kwamba ugonjwa utakufukuzisha. Kanoni ya 689 inaruhusu shirika kumkatalia nadhiri mtu ambaye wataalamu wamesema afya yake haimudu maisha ya shirika, isipokuwa pale ugonjwa ulipotokana na uzembe wa shirika au na kazi aliyoifanya ndani yake. Kwa hiyo daftari lako litunze.

Baada ya kupumzika, sikiliza. Ukianza kuwakumbuka masista wenzako na sala za jioni, shida ilikuwa ratiba. Ukiwa umelala vizuri, umekula, na bado wazo la kurudi linakuzibia pumzi, zungumza na mlezi wako wa kiroho kwa uwazi. Mkuu wako unaweza kumfungulia moyo kwa hiari yako, ila kanoni ya 630 inamkataza kukushawishi kwa namna yoyote umfunulie dhamiri yako.

Ukiamua kutoka, njia rahisi ni kusubiri tarehe ya mwisho ya nadhiri. Nadhiri za muda huchukua kati ya miaka 3 na 6, na zikirefushwa hazizidi 9. Tarehe ikifika uko huru kuondoka. Tunakushauri umwandikie mkuu wa shirika miezi mitatu kabla, ubaki na nakala. Ukishindwa kungoja, kwa sababu nzito unamwomba yeye huyo ruhusa ya kutoka, naye huitoa kwa kibali cha baraza lake. Kosa kubwa ni kwenda likizo nyumbani na kutorudi: kisheria bado una nadhiri, na huna hata barua moja mkononi.

SWALI: Binti yangu alikuwa na nadhiri za daima, akafundisha sekondari miaka 16. Amerudi na sanduku moja. Shirika halimdai wala halimlipi? – Mzee, Kasese

JIBU: Mzee wetu, kwa kanoni ya 702 anayetoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya shirikani. Ila kanoni hiyo hiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na kwa upendo wa Injili. Aandike barua ya heshima aeleze mahitaji yenye bei: kodi ya miezi sita, godoro, matibabu. Ombi la jumla la “msaada” hujibiwa kwa baraka.

Kisha afuatilie mambo matatu. Kwanza, nakala ya hati iliyomwondolea nadhiri. Bila kuondolewa nadhiri hizo, ndoa yoyote atakayofunga ni batili mbele ya Kanisa. Pili, kama shule ilikuwa ikimchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, akiba hiyo ina jina lake. Aende na kitambulisho cha taifa aombe taarifa ya akaunti. Tatu, majina. Vyeti vikiwa na jina la kitawa na kitambulisho kikiwa na jina la nyumbani, waajiri watamrudisha mlangoni. Wakili amwandalie hati ya kiapo mapema.

Na shamba la ukoo msimwambie alishalipoteza. Katika mashirika mengi mtawa huachia usimamizi wa mali, umiliki unabaki wake, isipokuwa aliukana kwa maandishi. Tunakuomba pia umlinde na maswali ya watu nje ya kanisa kila Jumapili.

SWALI: Nataka kuwa bruda, lakini nina mkopo wa SACCO, chama chetu cha akiba na mikopo. Pia naogopa kutumikishwa. – Kijana, Arua

JIBU: Ndugu yetu, lipa kwanza. Kanoni ya 644 inakataza kumpokea unovisi, yaani malezi ya kwanza ya utawa, mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Kuhusu kutumikishwa, nenda ukakae nao wiki mbili wakati wa kazi nyingi, usiende kwenye sherehe ya nadhiri. Angalia kama mabruda wazee wana mtu wa kuwauguza, kama wote hula meza moja, na uliza bruda akiugua bili hulipwa na nani. Wakikujibu kwa jina la mtu na la hospitali, endelea kuuliza mengine. Wakikukemea kwa kuuliza, tafuta shirika jingine.