Dawa za Kichina za UTI: uliza kwanza kuhusu mmea wa mutong

Wanawake wenzangu huniuliza sana kuhusu dawa za Kichina za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwa nilizitumia nilipokuwa nikiishi Guangzhou, China. Huwa nawaambia wapime mkojo kwanza, halafu waulize kilichomo ndani ya pakiti.

Mimi nilipewa Ba Zheng San, mchanganyiko wa dawa nane ulioandikwa katika kitabu cha tiba cha enzi ya Song, zaidi ya miaka 900 iliyopita. Kuna mbegu za cheqian, zinazofungwa kwenye kitambaa kabla ya kuchemshwa zisigande sufuriani. Kuna qumai, kuna dahuang inayoendesha tumbo. Ni chungu kweli. Mkojo uliacha kuchoma, lakini siwezi kusema ni mitishamba pekee iliyoniponya, maana mkojo wangu ulioteshwa maabara kutafuta bakteria, na daktari akaniandikia antibiotiki pia.

Ninachotaka ukishike ni mutong, mojawapo ya dawa hizo nane. Kwa miaka mingi China ilitumika guanmutong badala yake, mmea wa jamii ya Aristolochia wenye asidi ya aristolokiki. Asidi hiyo huua figo polepole na husababisha saratani ya njia ya mkojo. Madaktari wa Ubelgiji waliligundua balaa hili mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya wanawake waliotumia dawa za kupunguza unene zenye mimea ya Kichina kuanza kufeli figo. China yenyewe ilipiga marufuku guanmutong mwaka 2003. Inaniuma kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda kutibu mkojo akapoteza figo.

Je, dawa hizi za Kichina zinasaidia? Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipitia majaribio 7 yenye wanawake 282 wenye UTI ya kujirudia. Matokeo yalitia moyo, ila majaribio yenyewe yalikuwa madogo na yenye kasoro. Kwa hiyo mimi nazihesabu kama msaada kwa UTI inayorudirudi, tena chini ya daktari.

Unga usioandikwa jina la mmea hata mmoja, usinywe, hata kama anayekuuzia unamheshimu. Mjamzito asiguse Ba Zheng San. Na ukipata homa, kutetemeka au maumivu ya mgongo upande wa mbavu, huenda maambukizi yamepanda hadi kwenye figo: nenda hospitali siku hiyohiyo.