Choo cha gereji: hewa ipitie wapi?

SWALI: Mhariri, tunageuza gereji yetu hapa Buruburu iwe chumba cha mama mkwe, chenye choo, showa na sinki. Manholi (shimo la majitaka lenye mfuniko) iko mita 9, ng'ambo ya njia ya gari. Fundi anasema bomba la hewa ni hasara tu kwa kuwa hakuna ghorofa. Ni kweli? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Si kweli, lakini tuanze na kina, maana hapo ndipo vyoo vingi vya gereji hukwama. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa mita 9 ni sentimita 22.5. Ukihesabu slabu na kiwiko, tumbo la bomba (upande wake wa chini kwa ndani) huanza karibu sentimita 30 chini ya sakafu, kwa hiyo litafika manholi kwenye sentimita 52 na ushei.

Jazeni maji kwenye mpira mwangavu, mhamishe usawa wa sakafu hadi ukingo wa manholi, kisha mpime kushuka hadi mfereji wa ndani. Mkipata pungufu ya hiyo 52, tuseme sentimita 40, msikubali fundi apunguze mteremko: maji yatatangulia, kinyesi kibaki. Inueni sakafu ya bafu sentimita 15, ngazi moja tu. (Mama mkwe awekewe kishikio ukutani.) Panapopita gari, bomba lifunikwe kwa zege, kwingine mchanga watosha.

Sasa hewa. Ukivuta maji ya choo, lita 6 hadi 9 hushuka kwa kishindo na kujaza bomba, huku zikivuta hewa nyuma yake. Hewa ikikosa njia, maji hayo yataifyonza kupitia trapu iliyo karibu, yaani kipinda cha bomba kinachobaki na maji. Mtasikia glu-glu kwenye sinki, na yale maji ya sentimita 5 yanayozuia harufu yataondoka. Fundi hakusema uongo mtupu: choo kilicho hatua mbili kutoka manholi huweza kuvumilia. Chenu kiko mita 9.

Wekeni bomba la inchi 3 karibu na choo, lipande wima, litoboe mabati na kumalizikia sentimita 90 juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3. Juu livikwe kofia yenye wavu, ndege wasijenge. Lisiishie darini, harufu itarudi kupitia silingi.

Sinki (inchi 1¼) na showa (inchi 2) zipelekeni nje kwenye gali trapu (trapu ya nje, ardhini), kisha manholi. Kabla ya kumwaga zege, zibeni mwisho wa bomba, mjaze maji, msubiri saa moja. Yakishuka, kiungo fulani hakikushika gundi. Fundi akiharakisha hapa, mzuieni malipo.

SWALI: Bafu la wageni halitumiki, nalo linanuka kila mwezi. Nimemwaga dawa, wapi! – Msomaji, Kahawa

JIBU: Trapu imekauka. Mwaga lita 2 za maji kwenye tundu la sakafu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huchelewesha maji kukauka. Harufu ikirudi baada ya siku mbili tatu, trapu imepasuka au inafyonzwa, na hapo rudi kwenye jibu la Buruburu.