Ningu huyu ni wa mto gani? Kupima asili ya samaki kwa vinasaba

Swali: Nasomea uvuvi, nyumbani ni Busia, Uganda. Nimesoma kwamba kule Alaska samoni akivuliwa baharini hupimwa vinasaba na kujulikana mto aliotoka. Ningu, samaki wetu wa Ziwa Victoria, naye huacha ziwa na kupanda mito mvua zikianza. Je, tunaweza kujua ningu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kama ni wa mto Kagera, Sio au Nzoia? Nianzie wapi, na sampuli nizihifadhi kwenye nini? Kuna mtu ameniambia waragi inatosha.

Jibu: Waragi iache, ndugu yangu. Alkoholi yake ni kama asilimia 40, kilichobaki karibu chote ni maji, na kwenye maji hayo nyama huoza na vinasaba hukatikakatika. Tafuta ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Formalini ni mbaya zaidi, kwa kuwa hufunga vinasaba na protini pamoja hata maabara ishindwe kuvisoma vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Samoni wengi hurudi kutaga kwenye mto walikozaliwa, wachache tu hupotelea mito mingine. Vizazi vikipita, kila mto hujijengea mchanganyiko wake wa vinasaba. Angalia neno mchanganyiko: hakuna jeni moja ya Kagera ambayo Sio haina. Tuseme alama fulani ya vinasaba inabebwa na samaki 80 kati ya 100 mto huu, na 55 kati ya 100 mto ule. Alama hiyo peke yake haikuambii mengi. Alama mia mbili zikisomwa pamoja, ndipo samaki anaanza kujitaja kwao.

Kwa hiyo kabla ya kugusa samaki wa mwaloni unahitaji kumbukumbu ya msingi, yaani sampuli za samaki ambao una hakika na mto wao. Hapa ndipo miradi mingi huharibikia, wala si maabara. Samoni wa Pasifiki hufa baada ya kutaga, hivyo ukimkuta mazalioni hana safari nyingine. Ningu hurudi ziwani. Mchukue akiwa juu mtoni, mbali na mlango wa mto, na awe tayari kutaga: bonyeza tumbo taratibu kuelekea mkiani, mayai au shahawa vitoke. Asiyetoa kitu mrudishe majini, huenda ni mpita njia.

Lenga samaki 50 hadi 100 kwa kila mto, kutoka sehemu kadhaa na misimu isiyopungua miwili. Usijaze idadi kwa vifaranga wa kuchota mara moja na wavu mdogo. Wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na utakuwa umepima familia ukadhani umepima mto. Uliza pia kama mto umewahi kupandikizwa vifaranga wa kutotoleshwa, maana hao huvuruga picha yote.

Kata kipande cha pezi kisichozidi punje ya mahindi, samaki hatadhurika. Ethanoli iwe mara kumi ya ujazo wa kipande, na uibadilishe kesho yake kwa sababu maji ya nyama huizimua. Futa makasi na kibano kati ya samaki na samaki. Namba iandike kwa penseli kwenye karatasi ngumu, uitumbukize ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, ukabaki na vichupa 90 visivyo na wenyewe. Daftarini weka tarehe, mahali, urefu na jinsia.

Maabarani, omba alama za herufi moja moja (SNP), yaani mahali ambapo herufi moja tu ya vinasaba hutofautiana, badala ya mikrosatelaiti za zamani, ambazo ni vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia. Hizo za zamani hupimwa kwa urefu, na maabara mbili zinaweza kusoma urefu tofauti kwa samaki yuleyule. Alama zichague kwa kutumia nusu ya samaki wako, jaribio ulifanye kwa nusu nyingine. Ukitumia walewale kwa kazi zote mbili, utapata usahihi wa kupendeza ambao haupo.

Jaribio ni hili: ipe programu ya kompyuta ya kukadiria asili, kwa mfano rubias, vinasaba vya samaki wa mto unaoujua uone inawarudisha wapi. Ikipatia chini ya asilimia 90, unganisha mito inayofanana iwe kundi moja. Na usihesabu samaki mmoja mmoja kisha ujumlishe. Tuseme usahihi ni asilimia 80 na samaki 100 wa mwaloni wote ni wa Kagera: hesabu hiyo itakuzalia samaki kama 20 wa mito mingine ambao hawakuwepo. Acha programu ikadirie uwiano wa mchanganyiko mzima. Hata hivyo idadi ina mipaka yake. Kwa mto wenye asilimia 30 ya samaki, sampuli 200 zinakupa pungufu au zaidi kwa pointi 6 hivi, yaani kati ya asilimia 24 na 36. Sampuli 50, pointi 13.

Mtego mkubwa ni mto ambao hukuupima. Programu haijui kusema “sijui”. Samaki wa mto huo itamgawia mto wowote unaomkaribia. Huko Bristol Bay, Alaska, mapezi ya samoni waliovuliwa kwa majaribio karibu na Port Moller hupimwa na majibu hupatikana baada ya siku chache, lakini ni kwa sababu mito ya huko ilishapimwa kabla. Nyinyi anzeni na mito mitatu hiyo, samaki 50 kila mmoja. Tofauti zisipoonekana, fikirieni kemia ya jiwe la sikio la samaki, ambalo hutunza alama ya maji aliyokulia.

Kibali cha utafiti upande wa Uganda kinapitia UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Nzoia iko Kenya na Kagera inagusa Tanzania, kwa hiyo vibali vya huko viombwe mapema, kabla mvua za Machi hazijaanza.