DOT 4 kwenye breki za ndege ya kujiundia: angalia mpira kwanza

Mkuu umeuliza mambo mawili: fundi wa magari pale Unga Ltd, Arusha, kakwambia DOT 4 (fluidi ya breki za gari) ni ileile tu na fluidi nyekundu ya breki za ndege so ujazie hiyo maana nyekundu huipati, halafu pedeli ya kulia inazama hata baada ya kutoa upepo. Mi nashinda kwenye hanga za Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, na ndege ndogo ndo zinanilisha, kwa hiyo acha nijibu kwa kirefu.

DOT 4 siyo sumu, kuna ndege nyepesi zimeundwa kutumia hiyohiyo na zinaruka freshi tu. Ishu ni mpira. Ile nyekundu, MIL-H-5606, inatokana na mafuta ghafi na inaendana na oringi (zile pete za mpira za kuzuia kuvuja) za naitrili, DOT ni glaikoli na inataka mpira wa aina nyingine, EPDM. Ukichanganya mambo, mpira unavimba na kulegea kama andazi lililosahaulika kwenye chai, na ubaya wake haujioneshi siku hiyohiyo, unapampu pedeli unaona iko poa kabisa unarudi nyumbani, kumbe baadaye pistoni ya kalipa (kile kibanio cha breki gurudumuni) inagoma kurudi, pedi zinabaki zinasugua diski na wewe ndo kwanza unajiuliza mbona leo ndege nzito kuteksi.

Na huko kusugua ndo kunakoniogopesha kuliko pedeli laini, kwa sababu ya joto, na huku kwetu joto la breki siyo la mchezo. Kisongo tuko karibu mita 1,390 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 26 hewa inakuwa nyepesi kama vile uko zaidi ya mita 2,100, kwa hiyo kipima spidi kinakusomea kilomita 90 kwa saa lakini kama hakuna upepo magurudumu yanagusa lami kwenye 100 hivi. Nishati inaenda kwa mraba wa spidi, piga hesabu mwenyewe, breki zinameza kama 23% zaidi ya ndege ileile ikitua usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Vitabu vya kit za kujiundia ndege vinaandikwa na watu wa viwanja vya chini, hawakuwazii wewe wa Arusha.

Halafu ongeza tabia za hizi ndege zenyewe. Nyingi za gurudumu la mbele, mfano Van's RV-7A, gurudumu hilo linajizungukia tu, halijaungwa na pedeli, ukiteksi polepole unakata kona kwa breki. Nilishaletewa moja rubani kateksi mwendo mrefu upepo wa pembeni, mguu mmoja haujatoka kwenye breki na injini kaiachia rpm za juu. Oringi ya kalipa ilikuwa imekauka ngumu inakatika ukiikunja, paipu ya plastiki imeanza kulainika karibu na diski, na kofia ya gurudumu ndani ina nyasi kavu! 5606 inaweza kushika moto kuanzia nyuzi 82 hivi ikipata cheche. Ndo maana nawaambia watu watafute fluidi ya MIL-PRF-83282, nayo nyekundu, inakubali oringi zilezile za naitrili ila yenyewe mpaka uvuke 200. Na pale karibu na kalipa plastiki toa, weka hozi ya kusukwa kwa waya wa stenilesi. Ukitua kwa breki kali usivute breki ya kuegesha, joto la diski linaendelea kuhamia kwenye kalipa hata ukishasimama.

Pedeli yako sasa. Ikanyage uishikilie palepale. Ikiwa kama springi na ukipampu inapanda, bado kuna upepo, na upepo wa hizi breki unatolewa kwa kusukuma fluidi kutoka chini kwenye kalipa kwenda juu kwenye tanki, siyo kama gari. Kama una pedeli za abiria ndo kabisa, upepo unapenda kujificha kwenye zile silinda. Lakini ikizama taratibu huku mguu umetulia na huoni tone popote nje, sili ya ndani ya masta silinda (ile silinda inayosukumwa na pedeli) imekwisha. Inua pia gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono baada ya kuachia pedeli, likigoma angalia kama masta silinda inarudi mpaka mwisho, maana isiporudi yote fluidi inanaswa, ikipata joto inatanuka na breki inajikaza yenyewe.

Kama DOT 4 ulishaimimina na oringi ni za naitrili, kumwaga tu na kujaza nyekundu haitoshi. Fungua kalipa na masta silinda zote, sili na oringi zote tupa hata zinazoonekana nzima, na hozi za mpira nazo, paipu zioshe kwa spiriti uache zikauke kabisa ndo ufunge mpya. Kabla hujanunua soma namba kwenye masta silinda uiweke hapa, nitakwambia mpira wake ni upi.