Mchungaji hufanya nini Jumatatu hadi Jumamosi? Nijibu niliye kazini

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mchungaji akishatoka madhabahuni Jumapili anafanya nini siku sita zinazobaki, ukaongeza "zaidi ya kula kuku wa waumini". Kuku wapo, sikatai. Mimi ni mchungaji wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), usharika wa pembezoni mwa Jiji la Arusha, huu mwaka wa 11.

Jumatatu kwenye karatasi ni mapumziko. Msiba hauangalii ratiba, kwa hiyo Jumatatu nyingi huniishia makaburini. Siku za kati ni ofisi: barua ya utambulisho ya anayehamia Dodoma, cheti cha ubatizo cha mtu aliyebatizwa kabla sijazaliwa, mke na mume ambao kila mmoja amekuja na orodha yake ya makosa, kamati ya ujenzi na mabati yake. Alhamisi mimi na mwinjilisti tunazunguka kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani, tunawapelekea Chakula cha Bwana. Jumamosi ni watoto wa kipaimara, na hao ndio wenye maswali ya kunitoa jasho.

Mahubiri naanza kuyaandaa Jumanne. Wengi hudhani mtu anakaa mezani na Biblia, Roho anashuka, basi. Kwangu Neno hufunguka nikiwa nimeshakosea mahali.

Nitoe mfano mmoja. Kulikuwa na baba mmoja, ibada ya kwanza, ile ya saa moja asubuhi, benchi la nyuma. Kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza ameshalala. Kila Jumapili. Siku moja nikachokozeka, nikachomekea habari ya Eutiko wa Matendo 20, yule kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka toka orofa ya tatu. Nikasema, "Shukuruni kanisa letu halina orofa." Watu wakageuka nyuma, wakacheka. Yeye akaamka, akacheka nao bila kujua anachekwa yeye.

Baada ya ibada mzee wa kanisa mmoja akanivuta pembeni. "Mchungaji, yule ni mlinzi. Anatoka lindo saa kumi na mbili, anakuja hapa moja kwa moja, hata nyumbani hapiti."

Usiku ule niliirudia Matendo 20 kwa aibu. Paulo alihubiri siku ya kwanza ya juma, yaani Jumapili, na wakati ule ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Kaisari Konstantino wa Roma aliifanya ya mapumziko mwaka 321 tu. Eutiko huenda alikuwa ametoka kazini. Na Luka, mwandishi wa Matendo, haandiki popote kwamba Paulo alimkemea. Alishuka ngazi, akamkumbatia, akawaambia watu wasifanye ghasia. Mimi ndiye niliyefanya ghasia.

Nikamfuata lindoni kumwomba radhi. Nikamkuta getini na rungu, tochi na chupa ya chai. Nikamuuliza, kwa nini asiende tu kulala nyumbani? Akasema, "Mchungaji, chumba ni kimoja na watoto ni wanne. Halafu mimi usiku kucha nasikilizia nani anaruka ukuta. Kanisani ndiyo sehemu pekee ninapofumba macho bila kuogopa kuvamiwa."

Narudi nyumbani, Zaburi ya 127 ikanijia kichwani. "Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure." Mstari huo wa kwanza, ule mwanzo wake wa kujenga nyumba, nimeutumia kwenye harambee mpaka umechakaa. Sikuwahi kuvuka kwenda wa pili kwa utulivu: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Mlinzi na usingizi wamekaa mistari miwili iliyofuatana, na mimi miaka yote nilikuwa naishia kwenye mifuko ya saruji.

Kwa hiyo mkuu, hiyo ndiyo Jumatatu hadi Jumamosi. Yule baba bado anakuja, na bado analala. Nimewaomba wazee wa zamu wamwache. Wamekubali, isipokuwa wakati wa sadaka. Hapo wanamwamsha, na mimi nimeshindwa kuwazuia.