Kwa Nini Tujinyime kwa Ajili ya Wasiozaliwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunahimizwa kila mara kuwafikiria watakaoishi miaka mia moja ijayo. Je, ni haki watu walio hai, wengi wao wakiwa katika dhiki, wajinyime kwa ajili ya watu wasiojulikana watakuwa akina nani wala watahitaji nini?

JIBU: Ndugu msomaji, hoja yako ya dhiki ni nzito kuliko ile ya kutowajua. Ni kweli hatujui watakaokuja watapenda nini, lakini tunajua watakuwa na ngozi na macho yanayodhurika kwa miali mikali ya jua, na ujuzi huo ulitosha mwaka 1987, mataifa yalipotia saini Itifaki ya Montreal ili kuzipiga marufuku hatua kwa hatua kemikali za majokofu na za makopo ya kupulizia zilizokuwa zikiila tabaka la ozoni, ngao ya angani inayoikinga dunia na miali hiyo. Wanasayansi wanakadiria kwamba tabaka hilo, juu ya Antaktika, litarudia hali yake ya mwaka 1980 ifikapo takriban 2066, iwapo masharti yataendelea kufuatwa. Wengi wa waliotia saini walikuwa watu wazima tayari, na hawakuwa na tumaini la kuyaona matokeo hayo.

Sasa dhiki. Itifaki hiyo haikuwatwika wote mzigo sawa: nchi zinazoendelea zilipewa muda wa ziada, na mwaka 1990 ukakubaliwa mfuko maalumu, unaochangiwa na nchi tajiri, wa kuzilipia gharama za kubadili viwanda na mitambo. Kwa hiyo kumwambia maskini wa leo afunge mkanda kwa ajili ya wajukuu wa tajiri ni dhuluma, nami sitaitetea. Ila dhuluma hiyo hutokana na namna mzigo unavyogawanywa, haitokani na kufikiria mbali.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo ndilo huamua mengi kimyakimya. Wachumi wanapopima mradi, hupunguza thamani ya faida ya baadaye kwa kiwango fulani kila mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 5, faida ya shilingi 1,000 itakayopatikana baada ya miaka 100 huhesabiwa leo kuwa chini ya shilingi 8. Kwa asilimia 1, huwa takriban shilingi 370. Mwanahisabati Frank Ramsey alipinga mwaka 1928 desturi ya kuidharau furaha ya baadaye kwa sababu tu iko mbali, ingawa, kwa kweli, kupunguza kiasi fulani kwa kutarajia kwamba watakaokuja watakuwa na mali zaidi kuna mantiki yake. Basi ukisikia kwamba mradi wa kuhifadhi maji au msitu “haulipi”, dai kwanza uonyeshwe kiwango kilichotumika, na ni nani aliyekichagua.